Miaka 40 ya mkeo pwani ya Amalfi: safari mwambie, siku yenyewe ifiche

Swali: "Naishi Malindi na nina mashua ya kutembeza wageni. Mwakani, mwishoni mwa Septemba, mke wangu anatimiza miaka 40, nami nataka kumshtukiza kwa safari ya pwani ya Italia ambayo Waitaliano wa hapa wamenisimulia tangu ujana wangu. Tuna siku saba. Nimefikiria Venice, Cinque Terre, Positano na Capri, kwa gari la kukodi. Hatuli nguruwe wala hatunywi pombe, na hadi sasa yeye hajui lolote. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, anzia kwa kumwambia mkeo. Najua si jibu ulilolitarajia, lakini visa ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, haiombewi mtu kwa siri. Kama hajawahi kuiomba, itabidi afike mwenyewe atoe alama za vidole, apigwe picha, na atie sahihi fomu iliyoandikwa wazi anakokwenda na tarehe zake. Ukimpandisha ndege hadi Nairobi kwa kisingizio, siri itafunuka kwenye kiti cha kusubiria, tena katikati ya watu waliobeba mafaili. Hapo si mahali pa kupewa habari njema ya namna hii.

Kwa hiyo safari mwambie mapema, muifurahie wote wawili kwa miezi kadhaa. Kinachobaki siri ni siku ya kuzaliwa yenyewe: mtakula wapi, mtapanda chombo gani, atapewa nini. Hayo yanafichika, na ndiyo atakayoyakumbuka.

Tumalize kwanza ya visa, maana ndiyo inayoangusha safari nyingi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hayatakiwi kuletwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Safari yenu ni ya Septemba, basi tafuteni miadi mapema, kabla msongamano wa watu wa likizo haujaanza. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi mkinyimwa. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku mtakayotoka Ulaya.

Linalokuhusu wewe zaidi ni ushahidi wa kipato. Mtu wa mashua hana karatasi ya mshahara, na pesa za wageni nyingi hupita mkononi bila kugusa benki. Anza sasa kuziweka benki kila mara zinapoingia, ili taarifa ya akaunti ionyeshe biashara inayotembea mwezi hadi mwezi. Pesa nyingi zilizomwagwa kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi humtia ofisa shaka mara moja. Ambatisha leseni ya mashua, usajili wa biashara, karatasi za kodi, cheti chenu cha ndoa cha kadhi, na barua ya kwamba gharama za mkeo unazibeba wewe. Vyote vinavyowarudisha nyumbani, kama shamba, nyumba na watoto walioko shule, vitajwe. Vyumba wekeni vile vinavyofutika bila gharama, na tiketi za ndege shikieni nafasi tu; kulipia kila kitu kabla visa haijatoka ni kuhatarisha pesa bure.

Sasa ratiba yako. Siku saba kwa Venice, Cinque Terre, Positano na Capri ni kumpeleka mtu kutazama stesheni. Venice iko kaskazini-mashariki, Cinque Terre kaskazini-magharibi, Positano na kisiwa cha Capri kusini mwa Napoli. Kila kuhama kutakula siku: kufunga mizigo asubuhi, treni, kungoja chumba kifunguliwe, kisha usingizi. Mwanamke anayetimiza miaka 40 na aliyelea nyumba muda wote huo anahitaji mahali pamoja ambapo asubuhi ya tatu mwenye mgahawa wa kahawa amekwisha kumjua.

Chagua pwani moja. Kama mkeo anapenda kutembea kwa miguu milimani, Cinque Terre inafaa sana: vijiji vitano, treni inayopita toka kimoja hadi kingine kwa dakika chache, na njia za mawe juu ya bahari. Lakini kwa mapenzi, kwa chakula, na kwa mtu wa bahari kama wewe, mimi ningewapeleka pwani ya Amalfi. Ni ukanda mfupi kati ya Positano na Vietri sul Mare ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, milima imeangukia baharini na miji imeshikilia kwenye mteremko. Mwishoni mwa Septemba joto kali la Agosti limeshapungua, maji bado yana joto la kuogelea, boti za abiria bado zinafanya kazi kikamilifu na Waitaliano wenyewe wamesharudi kazini. Tena saa ya huko wakati huo iko nyuma ya yenu kwa saa moja tu, kwa hiyo hamtapoteza siku mbili mkisinzia mchana.

Nikwambie mapema jambo moja ili msije mkavunjika moyo. Nyinyi mnatoka Malindi, jirani zenu ni Watamu. Mchanga kama huo hamtaupata Amalfi. Fukwe ni ndogo na nyingi ni za kokoto, hivyo bebeni viatu vya kuingilia majini, na sehemu kubwa ya ufukwe imekodishwa kwa watu wanaotoza kiti na mwavuli kwa siku. Pembeni hubaki kipande cha bure, nacho huwahiwa asubuhi. Utaona pia kwamba maji hayapwi. Mtu aliyezoea bahari inayokimbia mbali kisha ikarudi na kujaa mita tatu atashangaa kukuta maji yamekaa karibu palepale asubuhi na jioni. Huko hamwendi kwa ajili ya mchanga. Mnakwenda kwa ajili ya majabali, bustani za malimau zilizopangwa ngazi kwa ngazi, na nyumba zinazowaka taa moja moja giza likiingia.

Gari liache kabisa. Barabara ya pwani, namba SS163, ni nyembamba na ina kona ambazo basi na lori hupishana kwa kurudi nyuma. Nyinyi mmezoea kuendesha kushoto, wao wanaendesha kulia. Wikendi za majira ya joto, Septemba ikiwemo, magari huingia kwa zamu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni kufuatana na namba ya gari, shufwa siku moja na witiri siku nyingine. Maegesho ni haba na ghali. Na aliyeshika usukani haoni bahari hata kidogo. Mkeo atakuwa anapiga picha huku wewe umekunja uso.

Njia nzuri ni hii. Kutoka Mombasa au Nairobi, kupitia Addis Ababa, Istanbul au Doha, mnatua Roma, uwanja wa Fiumicino. Treni ya Leonardo Express inawafikisha stesheni ya Termini kwa dakika 32. Hapo mnapanda treni ya kasi hadi Salerno, mwendo wa kama saa mbili, na tiketi zake huwa rahisi zaidi zikinunuliwa mapema. Stesheni ya Salerno haiko mbali na gati la Piazza della Concordia, mnafika kwa miguu. Mkishapanda boti, dakika 35 hivi mko Amalfi, na mmeingia kwa upande wa bahari, ambao ndio upande wa kuingilia. Boti za mwisho huondoka mapema jioni, kwa hiyo kama ndege yenu inatua mchana, laleni Salerno usiku huo mvuke asubuhi. Salerno ni mji wa watu wanaofanya kazi zao, una matembezi marefu kando ya bahari, na bei zake ni za binadamu.

Mlale wapi? Positano ndiyo jina kila mtu analo mdomoni, na ni pazuri kweli, lakini kwa kulala simpendekezei mtu mwenye bajeti ya kawaida. Chumba ni ghali kuliko kwingine, mchana umati wa boti unaijaza, na kutoka ufukweni hadi chumbani mnaweza kupanda ngazi mpaka magoti yalie. Iendeeni siku moja, mpige picha, mrudi.

Mimi ningechagua Atrani. Ni manispaa ndogo kuliko zote Italia kwa eneo, imejificha nyuma ya jabali linaloitenga na Amalfi, na kuna njia ya chini kwa chini ya waendao kwa miguu inayowafikisha Amalfi kwa dakika chache. Kwa hiyo boti na mabasi yote mnayo karibu, ila jioni mnarudi kwenye uwanja mdogo ambao watoto wanacheza mpira na bibi anamwita mjukuu kutoka dirishani. Kama mkeo ana shida ya magoti, chukueni Minori badala yake: iko tambarare, ina gati lake, na kutoka hapo hadi Maiori kuna Njia ya Malimau inayopita katikati ya bustani. Popote mtakapochukua, muulize mwenye nyumba swali moja kabla ya kulipa: kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi mlangoni? Mkikuta ni mia moja na kitu, mtafurahi kwamba mlibeba begi dogo. Na muwe na pesa taslimu kidogo kwa ajili ya kodi ya mgeni, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, nje ya bei ya chumba.

Tuje kwenye siku yenyewe, maana hapa ndipo pa kutumia akili.

Usimpangie mambo mengi. Asubuhi mpeleke Ravello, ulio mlimani juu ya Amalfi, kama mita 350 kutoka baharini. Mabasi ya kampuni ya SITA hupanda toka Amalfi. Tiketi nunueni kabla kwenye duka la tumbaku, mgonge mhuri mkishaingia. Ondokeni mapema kabla makundi hayajafika. Villa Rufolo ndiko alikopita mtunzi wa muziki Richard Wagner mwaka 1880, na bustani yake ikampa sura ya bustani ya uchawi aliyokuwa akiitafuta kwa ajili ya opera yake Parsifal; ndiyo sababu mji huo umekuwa na tamasha la muziki tangu 1953. Lakini ukiwa na nguvu ya bustani moja tu, nenda Villa Cimbrone. Mnatembea njia ndefu ya miti, halafu inakatika ghafla kwenye roshani yenye safu ya sanamu za vichwa vya mawe, na mbele yake hakuna kitu ila bahari na anga. Wanaiita Roshani ya Ukomo. Kaeni hapo. Msikimbilie kitu kingine.

Mchana apumzike. Wengi huharibu siku ya kuzaliwa hapa, kwa kuujaza mchana. Alale, aoge, apate muda wa kujiremba bila kuharakishwa.

Jioni mpeleke Praiano, mji mdogo kati ya Amalfi na Positano, na hapa naomba unisikilize vizuri. Milima ya pwani hii huziba jua mapema, na miji kama Amalfi na Positano huingia kivulini wakati mwanga bado uko kwingine. Praiano umekaa kwenye pua ya mlima unaoangalia magharibi, na ufukwe wake wa La Gavitella hubaki na jua kuliko fukwe nyingi za pwani hiyo. Mwishoni mwa Septemba jua huzama kama saa moja kasoro dakika kumi jioni. Waitaliano hawali usiku kabla ya saa moja na nusu au saa mbili, kwa hiyo ukiomba meza ya chakula tu utafika giza limeshaingia. Omba meza tangu saa kumi na mbili, mkinywa juisi au limonata baridi huku jua likizama, kisha mle palepale. Kiitaliano bila shaka umekiokota kwa Waitaliano wa Malindi, basi piga simu mwenyewe wiki tatu au nne kabla. Waambie ni miaka 40 ya mkeo na unataka meza ya mbele, upande wa magharibi. Mtu anayepiga kwa lugha yao na akasema jambo kama hilo husaidiwa. Usafiri wa kurudi usiku panga papo hapo na teksi mnayopatana bei kabla, maana mabasi hupungua, na ngazi za Gavitella ni mamia.

Kuhusu chakula, msiwe na hofu. Pwani hii inakula samaki, mbogamboga, jibini na tambi. Ila nguruwe na pombe hujificha mahali usipotegemea. Sfogliatella, ile keki ya tabaka nyembamba inayouzwa kila kona ya Napoli, kwa asili hukandwa na mafuta ya nguruwe. Babà imelowekwa kwenye ramu. Delizia al limone, kitamu maarufu cha malimau, mara nyingi huwa na limoncello, kileo cha malimau, ndani ya shira yake. Tambi za vongole, yaani kombe wadogo, wapishi wengi huzimiminia divai nyeupe zikiwa jikoni. Hata mboga za supu zinaweza kukaangwa na vipande vya pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe. Kwa hiyo usiishie kusema hamli nguruwe. Sema "senza maiale, senza strutto, senza vino, senza liquore", yaani bila nguruwe, bila mafuta ya nguruwe, bila divai, bila kileo, na uliza kabla sufuria haijawekwa jikoni.

Keki ya siku hiyo agiza torta caprese, ya kisiwa cha Capri: lozi zilizosagwa, chokoleti, mayai, siagi na sukari, haina unga wa ngano. Wapo wanaotia kileo kidogo, basi sema usitiwe. Na msiondoke bila kuonja tambi za Cetara, kijiji cha wavuvi kati ya Maiori na Vietri. Dagaa wanaoitwa alici hupangwa na chumvi ndani ya pipa, hugandamizwa na mawe kwa miezi, na maji yanayodondoka kidogo kidogo ndiyo mchuzi wenyewe, colatura. Kijiko kimoja kinatosha sahani nzima. Wewe mtu wa bahari utauelewa mara moja, na chupa ndogo mnaweza kufungasha kwenye begi la kupakia.

Zawadi ya kupanda chombo nakuachia ufundi wako, ila nikupe ushauri mmoja. Kodi gozzo, boti ya mbao ya huko, pamoja na nahodha wake, kwa saa tatu au nne. Huko boti ndogo hukodishwa hata bila leseni na najua mkono utakuwasha kushika usukani, lakini siku hiyo kaa na mkeo. Muombe nahodha awapitishe kwenye mpasuko wa Furore, halafu visiwa vya Li Galli mbele ya Positano, msimame mahali pa kuogelea. Usiiweke siku moja na chakula cha Praiano. Mwisho wa Septemba dhoruba hutokea, na bahari ikichafuka hakuna boti itakayotoka. Ipangie mapema katika safari, ili mkikosa siku hiyo muwe na nyingine. Na Capri hali kadhalika: tazama bahari kwanza ndipo ukate tiketi. Pango la Buluu la huko mlango wake ni mfupi, mnaingia mmelala chali ndani ya kiboti cha makasia, na mawimbi kidogo tu hulifunga. Liwe nyongeza, lisiwe sababu ya kwenda.

Mvua ikiwakamata, nendeni makumbusho ya karatasi pale Amalfi, ndani ya kinu cha kale kwenye bonde la vinu. Mji huo ulitengeneza karatasi za matambara tangu zama za kati, na mgeni anaweza kuchovya fremu majini na kuinua ukurasa wake mwenyewe. Nunua karatasi chache nzuri, umwandikie mkeo barua kwa mkono wako. Kwangu mimi zawadi hiyo inashinda pochi ya dukani.

Kwa mgawanyo: usiku mmoja Salerno, usiku tano Atrani au Minori, na usiku wa mwisho Roma. Siku ya kuzaliwa iangukie siku ya tatu au ya nne, uchovu umeisha na kuondoka bado. Roma hiyo ya mwisho msiikate kuokoa pesa, kwani kutegemea boti ya asubuhi, treni, kisha ndege ya mchana, siku ambayo bahari inaweza kufungwa, ni kucheza na tiketi ya kurudi. Pakitokea kuwa Ijumaa, Roma ina msikiti mkubwa kuliko yote Italia, uliofunguliwa 1995, na unaweza kusali jamaa kabla ya kufunga mizigo.

Wiki hii fanya mawili tu: fungua pasipoti zenu uangalie tarehe na kurasa, kisha keti na mkeo umwambie kwamba Septemba mwakani mnakwenda Italia. Akikuuliza mtafanya nini siku yake, mwambie hilo halimhusu bado.